Gari la Technic limegoma: zungusha kwa mkono kwanza, ndipo ubomoe

Gari ulilolibuni mwenyewe kwa vipande vya LEGO Technic likikataa kutembea, mkono hukimbilia mota. Inachomolewa, inawekwa kubwa zaidi, na ugonjwa unarudi palepale. Mara nyingine unazidi, maana mota kubwa inavunja kwa sekunde moja kile ambacho ndogo ilikuwa inakipinda taratibu. Mota hizi huharibika mara chache sana. Penye shida ni njia ambayo nguvu inapita kutoka mota hadi tairi: fremu inanesa, shafti inasokoteka, gia zinasukumana hadi zinaachana. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye tairi na kurudi nyuma.

Maneno machache tuelewane. Shafti ni ule ufito wa msalaba unaopita kwenye gia. Ekseli ni mkusanyiko mzima: tairi mbili, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya tairi hizo) na vinavyozibeba. Boriti ni kipande chenye matundu, na bushi ni kile kipete kinachozuia shafti au gia isiteleze. Kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha jirani yake ni mm 8, kwa hiyo tukisema umbali wa matundu 2, ni mm 16.

Jaribio la kwanza halihitaji umeme. Chomoa gia inayoshikana na mota, inua gari, kisha zungusha tairi kwa kidole. Tairi nzuri huzunguka bila kelele na kuendelea kidogo ukiliachia. Likisimama papo hapo, chomoa gia inayofuata, jaribu tena, na endelea hivyo hadi uzito utoke ghafla. Gia au shafti uliyoichomoa mwisho ndiyo yenye kosa, au ndiyo inayobebeshwa kosa na boriti iliyo jirani. Mahali pekee ambapo jaribio hili halifai ni gari linaloendeshwa na gia ya skrubu, ile yenye nyuzi kama parafujo. Hiyo haikubali kuzungushwa kutoka upande wa tairi hata ikiwa nzima.

Mota inanguruma, gari limesimama

Anza na betri, kwa sababu kuzibadilisha ni dakika moja tu. Kisanduku cha Power Functions, mfumo wa umeme wa LEGO, kinachukua betri 6 za AA. Za alkali zikiwa mpya zinatoa volti 1.5 kila moja, jumla 9. Za kuchaji za NiMH zinatoa volti 1.2, jumla 7.2, na gari lilelile litapungua mwendo kwa karibu moja ya tano hata betri zikiwa zimejaa. Hilo si kosa la ubunifu wako. Betri za bei ya chini za zinki na kaboni, ambazo ndizo zimejaa madukani, zina tatizo baya zaidi: hewani tairi zinazunguka kwa kasi, ukiliweka gari chini volti inaporomoka na mota inanyamaza. Ukiona dalili hiyo, weka za alkali kabla hujagusa gia hata moja.

Betri ni nzuri na gari bado limeganda? Piga hesabu, usikisie. Chukua gari la kilo 1.5 lenye tairi za kipenyo cha mm 81.6, na mteremko wa nyuzi 30 unaotaka lipande. Nguvu inayolivuta kurudi chini ni nusu ya uzito wake, takriban niutoni 7.35. Nusu kipenyo cha tairi ni sm 4.08, kwa hiyo ekseli inadaiwa nguvu ya kusokota ya takriban Ncm (niutoni-sentimita) 30. Mota huja kwa ukubwa wa XL, L na M: ya XL kwenye volti 9 inakwama kabisa ikifika karibu Ncm 40, L karibu 18, na M karibu 11. Ukiunga XL moja kwa moja na ekseli, unaidai robo tatu ya uwezo wake wote. Itanguruma, itapata moto, na kinga ya umeme itakata. Ukipitisha gia ya meno 8 ikaizungusha ya meno 24, deni linashuka hadi Ncm 10 pamoja na msuguano. Lenga mota ifanye kazi kwenye robo hadi theluthi ya nguvu yake ya kukwama. Gharama ni mwendo: XL bila mzigo inapiga mizunguko 220 kwa dakika, ukigawa kwa 3 unapata 73, na tairi hilo linasonga mm 256 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo utakwenda takriban sm 31 kwa sekunde, chini ya hapo ukiwa na mzigo. Asiyeridhika na mwendo huo apunguze uzito wa gari, asipunguze gia.

Sasa msuguano, ambao hula nguvu bila kuonekana. Wabunifu wapya wana tabia ya kubana bushi hadi ziguse boriti pande zote mbili ili tairi lisicheze. Boriti ikibanwa hivyo inakuwa breki. Acha nafasi ya unene wa karatasi moja au mbili. Kisha angalia pini. Kwa kawaida pini nyeusi fupi na ya buluu ya urefu wa matundu 3 zina vinundu vya kubana. Kazi yake ni kushikilia vitu visivyosogea. Ya kijivu fupi na ya rangi ya mchanga ya matundu 3 ni laini, nazo ndizo za bawaba, mikono ya springi na stelingi. Kuzikosea ni rahisi mno, hasa kwa pini zenye nusu ya msalaba: ya buluu inabana, ya mchanga inateleza. Gari zima linaweza kuwa zito kwa sababu ya pini 4 za buluu zilizowekwa penye bawaba.

Shafti inayopita kwenye boriti 3 au 4 nayo ni mtego. Boriti 2 zinatosha kuishikilia. Ya tatu ikiwa imepinda hata kidogo, inaikunja shafti katikati na kuisugua kila mzunguko. Kabla ya kuweka gia yoyote, simamisha fremu wima na udondoshe shafti kwenye matundu. Inapaswa kuteleza kwa uzito wake yenyewe. Ikihitaji kusukumwa, fremu haijanyooka. Fanya jaribio hilo kwa makini zaidi ukichanganya vipande vya watengenezaji tofauti, maana ukubwa wa matundu haulingani.

Halafu kuna gari linalozunguka vizuri hewani lakini sakafuni linatetemeka tu. Hapa karibu kila mara ekseli mbili zinapigana. Sababu ya kwanza ni mwelekeo: gia kubwa za difu ya mbele na ya nyuma zimekaa upande uleule wa propela, ile shafti ndefu iliyo kati yake inayozipelekea nguvu, hivyo mbele inakwenda mbele na nyuma inarudi nyuma. Geuza difu moja. Sababu ya pili ni uwiano: mbele umepitisha meno 12 kwa 20, nyuma 8 kwa 24. Hewani kila ekseli inazunguka kwa mwendo wake bila kumuudhi mwenzake, lakini sakafu inazidai ziende sawa, na kinacholipa ni gia dhaifu kuliko zote. Tairi za ukubwa tofauti mbele na nyuma huleta ugomvi huohuo. Na gia 3 zinazogusana zote kwa umbo la pembetatu haziwezi kuzunguka kamwe, hata ukizifungia mota ya aina gani. Kila gia inataka jirani yake aende kinyume nayo, na tatu haziwezi zote kuwa kinyume.

Kelele za ka-ka-ka: meno yanaruka

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika ubunifu wa Technic. Gia haziruki kwa sababu zimechakaa. Zinaruka kwa sababu kitu kinaziruhusu kuachana.

Kwanza thibitisha kuwa kelele ni kosa kweli. Gia nyeupe ya meno 24 yenye maandishi 2.5–5.0 Ncm katikati ina klachi ndani. Imetengenezwa iteleze mzigo ukifika hapo, ili kulinda mota na mtoto asivunje kitu. Ukiiweka kwenye njia ya kuendesha tairi za gari zito itateleza siku nzima. Iondoe hapo, ibaki kwenye stelingi au mlango. Silinda ya kusukuma ya mota, ile inayorefuka kwa kuzungushwa, nayo ina klachi inayogonga ikifika mwisho wa safari. Ikigonga katikati ya safari, ama mzigo umezidi, ama silinda mbili zilizofungwa pamoja hazikuanza kwa urefu sawa. Zirudishe zote hadi mwisho, kisha ziunge na shafti moja.

Kama si klachi, pima umbali. Kila jino linachangia nusu milimita kwenye umbali wa vitovu: jumlisha meno ya gia mbili, gawa kwa 2, umepata milimita. Meno 8 na 24 yanahitaji mm 16, yaani matundu 2. Vilevile 16 na 16, na 12 na 20. Yanayohitaji matundu 3 ni 8 na 40, 24 na 24, 12 na 36, 20 na 28. Yanayohitaji matundu 4 ni 24 na 40. Hizo zitumie bila wasiwasi. 16 na 24 zinahitaji matundu 2.5, kwa hiyo kwenye boriti moja hazikai. Zinakaa sawasawa ukizipanga mshazari, tundu 1.5 upande mmoja na 2 upande mwingine.

Kwenye mishazari ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu gia zinaonekana zimeshikana. Meno 12 na 12 yanahitaji mm 12. Mshazari wa tundu 1 kwa 1 ni mm 11.3, kwa hiyo zitabanana na kukaza. Meno 20 na 24 yanahitaji mm 22. Mshazari wa 2 kwa 2 ni mm 22.6, na hizo zitazunguka vizuri mkononi lakini zitaruka gari likianza kupanda. Meno 16 na 20 yanahitaji mm 18, mshazari wa 2 kwa 1 ni mm 17.9: hiyo inakubalika. Tofauti ya nusu milimita inatosha kuharibu, ya sehemu moja ya kumi haina neno.

Umbali ni sahihi na bado zinaruka? Basi fremu inafunguka. Weka kidole kwenye boriti iliyo karibu na gia, mwombe mwenzako ashike tairi, washa mota kwa sekunde moja. Utaisikia boriti ikinesa. Gia mbili zikikabidhiana nguvu husukumana kila moja upande wake, na ukiwa umezishikilia kwa boriti moja upande mmoja tu, hakuna kinachozirudisha. Shafti ishikiliwe pande zote mbili za gia, na boriti hizo mbili zifungwe kwa kipande kimoja kinachopita juu ya gia zote, pini 2 kila upande. Pini moja ni bawaba, haifungi. Kwa fremu za matofali yenye vinundu, kuna hesabu ya zamani isiyozeeka: tofali ni mm 9.6 na bapa ni mm 3.2, kwa hiyo kati ya matofali mawili weka bapa 2, na matundu yao yatakuwa mm 16 juu kwa chini, matundu 2 kamili. Hapo boriti ya wima inaingia bila kulazimishwa na kuyafunga yote. Kwa fremu ndefu inayosokoteka, tumia pembetatu: boriti ya matundu 4, ya 5 na ya 6 hukutana kwa pembe mraba kamili, kwa sababu umbali wake ni 3, 4 na 5.

Gia za pembe, zile zinazogeuza mwendo kwa nyuzi 90, zina njaa zaidi ya kushikiliwa. Zinasukumana kwa pembeni na pia kurudi nyuma kwenye shafti zake. Kwa hiyo kila moja inahitaji bushi au boriti mgongoni, bila nafasi. Hapa ile karatasi tuliyoiacha kwenye tairi haifai. Gia ya meno 12 ikikutana na ya 20 kwenye kona iliyo wazi ndiyo sehemu ya kwanza kukata tamaa katika gari lolote zito. Iingize ndani ya fremu iliyofungwa ya 5 kwa 7, ambayo inashika shafti zote mbili kwa kipande kimoja cha plastiki, na kelele nyingi zitaisha hapohapo. Ukiweza kupunguza idadi ya kona kwenye njia ya nguvu, punguza. Mota ikilazwa sambamba na ekseli haihitaji kona hata moja.

Gia ya skrubu nayo inajisukuma kwa nguvu kando ya shafti yake. Isipozuiwa ncha zote mbili, itateleza kama nati na gia ya meno 24 itabaki imesimama. Inafaa mno kwa winchi na mkono wa kreni, kwa sababu mzigo hauwezi kuirudisha nyuma, na inapunguza mizunguko mara 24 kwa hatua moja. Kwa kuendesha gari haifai, inakula nguvu nyingi kwa msuguano.

Shafti imesokoteka kama kamba

Ukiona mistari ya shafti imegeuka kama ya parafujo, umepunguza mwendo mahali pasipofaa. Nguvu ya kusokota huongezeka kila unapopunguza mizunguko. Ukiweka gia za 8 kwa 40 karibu na mota, shafti ndefu inayokwenda nyuma inabeba nguvu mara 5. Ukiziweka gia hizo kwenye tairi lenyewe, shafti ndefu inazunguka haraka na kubeba moja ya tano tu, na gia za kona zilizo njiani zinapumua pia. Waundaji wa magari mazito ya kweli hufanya hivyohivyo: malori mengi ya kazi ngumu yana gia za mwisho ndani ya habu ya tairi.

Shafti fupi inasokoteka kidogo kuliko ndefu yenye mzigo uleule, kwa hiyo usiweke ya urefu wa 12 mahali ambapo ya 8 inatosha. Iliyokwisha kusokoteka usiirudishe kazini kwa kuinyoosha; imeshapoteza nguvu na itang'ang'ania ndani ya gia.

Mpangilio huohuo wa shafti ya haraka na gia mwishoni unaponya ugonjwa mwingine unaowasumbua wengi bila kujua chanzo: gari lenye springi laini linainama upande mmoja kila likianza kuondoka, na tairi moja la mbele linanyanyuka. Propela inayobeba nguvu nyingi inajaribu kuizungusha ekseli na bodi kinyume. Watu hubadilisha springi za upande ulioinama, kumbe springi hazina kosa. Punguza mizunguko baada ya propela, ndani ya ekseli, na gari litasimama sawa.

Tairi moja linazunguka bure, jingine limelala

Difu inagawa nguvu sawa kwa tairi mbili, na tairi lililo hewani linadai karibu sifuri, kwa hiyo na mwenzake anapata sifuri. Kwa gari la sakafuni hilo si ugonjwa. Bila difu kona zingeburuta tairi na kuvunja gia. Kwa gari la kupanda mawe, toa difu ya nyuma uweke shafti nzima, au jenga loki: gia ya klachi ya meno 16 na kile kipete cha giaboksi kinachoteleza, ziunge shafti mbili za difu zizunguke pamoja ukitaka.

Kama tairi limelala hata sakafuni, fungua uangalie shafti za nusu. Mwisho wake unaingia kidogo tu ndani ya difu, na tairi likivutwa nje mara chache shafti inachomoka kwenye gia ndogo ya meno 12. Tumia shafti zenye kichwa kinachozuia, au weka bushi ndani ya fremu. Difu inayogonga chini ya mzigo mara nyingi imeachiwa nafasi pembeni: gia zake za ndani zinasukumana nje. Iweke katikati ya fremu ya 5 kwa 7, kuta mbili ziiguse kwa wepesi.

Stelingi

Gari linavuta upande. Kabla ya kitu kingine, angalia nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota nyuma ya tairi moja. Hilo ni breki. Kisha pima kama reki ya stelingi, ule ufito wenye meno unaosukuma tairi, iko katikati kweli mota ya stelingi ikiwa katikati. Gia ikikosewa jino moja tu, reki inakaa karibu mm 3 kando.

Gari halikati kona vya kutosha. Fanya hesabu ya pinioni, gia inayoisogeza reki. Servo ya Power Functions, yaani mota ya stelingi, inageuka nyuzi 90 kila upande. Robo ya mzunguko wa gia ya meno 8 inasogeza reki mm 6.3, ya meno 12 inasogeza mm 9.4, ya meno 16 mm 12.6. Mkono wa stelingi wenye urefu wa matundu 2 utageuza tairi takriban nyuzi 23, 36 na 52 kwa mfuatano huo. Nyuzi 36 zinatosha gari karibu lolote, na 52 zitaligonganisha tairi na fremu. Jinsi pinioni inavyokua ndivyo servo inavyobaki na nguvu kidogo ya kusukuma, hivyo gari zito likisimama huenda lisigeuze tairi.

Tairi la mbele likisugua fremu unapogeuza, tazama umbali kati ya bawaba ya stelingi na katikati ya tairi. Bawaba ikiwa matundu 3 ndani, tairi halizunguki mahali pake, linatembea kwa duara mbele na nyuma. Tafuta rimu lenye shimo la ndani linaloruhusu bawaba kuingia karibu na kitovu. Kwa gari linaloendeshwa na tairi za mbele, katikati ya krosi (kiungo kinachoruhusu shafti kukunjika huku ikizunguka) kuwe kwenye mstari wa bawaba hiyo kabisa. Ikiwa pembeni, shafti itavutwa na kusukumwa kila kona hadi ichomoke.

Tairi la ndani ya kona linapiga kelele na kuburuta? Mikono miwili ya stelingi iko sambamba. Ielekeze kidogo ndani, ili mistari inayopita kwenye bawaba na ncha ya mkono ikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma. Hapo tairi la ndani hugeuka zaidi ya la nje, kama linavyopaswa.

Stelingi inayocheza haina tiba moja. Kila kiungo cha mpira wa duara na kila pini laini huongeza mwanya wake. Punguza idadi ya viungo kati ya servo na tairi.

Mwendo unaokwenda kwa mawimbi

Gari linakaza na kulegea mara mbili kwa kila mzunguko wa propela. Hizo ni krosi. Krosi moja ikikunjwa nyuzi 30, shafti inayotoka hubadilika mwendo kutoka asilimia 87 hadi 115 ya inayoingia. Krosi ya pili inafuta kosa hilo kwa masharti mawili: iwe imekunjwa kwa pembe ileile, na uma mbili zilizo kwenye shafti ya kati zilale sambamba. Chomoa krosi moja, izungushe robo, irudishe. Mawimbi yakizidi, ilikuwa sahihi mwanzo, irudishe ilivyokuwa na ukague pembe.

Springi zimelala

Usikimbilie shokapu ngumu. Sogeza shokapu ulizonazo kuelekea tairi. Kwenye mkono wa matundu 6 kutoka bawaba hadi tairi, shokapu iliyo kwenye tundu la 3 inalipa tairi robo tu ya ugumu wake, kwa sababu nyenzo inahesabiwa mara mbili. Kwenye tundu la 4 inalipa asilimia 44. Tundu moja limekaribia kukuzidishia ugumu mara mbili bila kununua kitu. Gari likibaki limelala baada ya kubonyezwa na halipandi tena, si springi: umeweka pini za kubana kwenye bawaba za mikono.

Linasimama katikati ya mwendo, kisha linarudi

Kinga ya mkondo imekata kwa sababu mota imekwama au mota nyingi zimeungwa kwenye tundu moja la umeme. Ngoja zipoe, tafuta kinachokwamisha kwa jaribio la kidole, ugawe mota kwenye matundu tofauti.

Linaloitika ndani na kukataa nje mchana lina sababu nyingine. Rimoti ya Power Functions inatumia mwanga wa infraredi, na jua la mchana linaufunika. Jicho la kipokezi liweke juu ya gari, lisizibwe na bodi, na ulitie kivuli kwa boriti au bapa. Hakikisha namba ya chaneli, kati ya 4 zilizopo, inafanana kwenye rimoti na kipokezi. Powered Up, iliyokuja baadaye, inatumia Bluetooth na haijali jua.

Upepo unavuja

Kwa magari yenye silinda za hewa, jaza, funga swichi, pakaza maji ya sabuni kidogo kwa kidole penye kila muungano wa mpira, utazame mapovu. Mrija uliopanuka mdomo kata mm 3 tu, uuchomeke upya. Silinda inayokwama inapenda tone dogo la mafuta ya silikoni kwenye ufito. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukamata vumbi. Vipande vingine vikiwa na mchanga, vioshe kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za selisiasi, bila mota, visanduku vya betri wala pampu zenye springi, na uviache vikauke kabisa kabla ya kufunga shafti.